Tunafundisha Kubandika, Nani Atafundisha Kubandua?

Lugha yetu ina utajiri wa vitenzi vya kutendua. Anayefunga aweza kufungua, anayeziba aweza kuzibua, aliyebandika aweza kubandua, na mpishi aliyeteleka chungu anaijua saa ya kuepua. Lakini ukipita Kawe, kuanzia sokoni hadi Ukwamani, ukamuuliza kijana mwenye meza ya kutengeneza simu na redio anakitoaje kipande kilichoungua kwenye bodi, kuna uwezekano mkubwa akujibu kwamba "anaking'oa". Neno hilo ni la jino na la kisiki. Ninaamini kuwa ndani yake umejificha udhaifu mmoja wa elimu yetu ya ufundi, na ndiyo maana namwomba msomaji anivumilie juma hili niache siasa za vyama, nizungumzie lehemu.

Lehemu ni mchanganyiko wa metali unaoyeyuka kwa joto dogo na kuishika miguu ya vipande vya elektroniki kwenye njia nyembamba za shaba. Ile ya zamani, ambayo mafundi wengi huiita risasi tu, ni bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, nayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 183. Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia risasi katika vifaa vingi vya elektroniki, na viwanda vingi duniani vikahamia lehemu ya bati iliyotiwa fedha na shaba kidogo, inayoyeyuka kwenye nyuzi joto zipatazo 217. Tofauti hiyo yaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwa kijana mwenye pasi dhaifu ya kulehemu, ndiyo inayomtoa jasho: anakandamiza, anasubiri, anakandamiza tena, hatimaye uvumilivu unamwishia na anavuta. Kipande kinatoka pamoja na njia ya shaba iliyokishika. Bodi iliyokuwa mgonjwa sasa ni maiti, na mwenye mali anaambiwa "imeshindikana".

Tuchukue king'amuzi. Dar es Salaam ilizimiwa matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na tangu hapo kisanduku hicho kimekuwa sehemu ya samani za nyumba zetu, hata zile ambazo hazina kabati. Ugonjwa wake mmoja wa kawaida ni kapasita za upande wa umeme kuvimba kichwa: taa inawaka, picha haiji, au kifaa kinajizima na kujiwasha. Kapasita yenyewe ni kitu cha ukubwa wa kifuniko cha kalamu, na bei yake haikaribii hata kidogo bei ya king'amuzi kipya. Mama lishe mmoja jirani yangu aliambiwa anunue kipya. Alikuja nacho kwangu kwenye mfuko wa rambo akisema, "Dokta, najua wewe si wa sindano, lakini nitazamie tu." Kazi ilifanyika kwenye meza ya barazani, na muda mrefu zaidi ulitumika kusubiri.

Kusubiri nako ni sehemu ya ufundi. Umeme wetu wa ukutani ni volti 230, lakini ukishanyooshwa ndani ya kifaa, kapasita kubwa huweza kujaa hadi volti zaidi ya 300, na ikabaki na chaji hiyo hata baada ya plagi kuchomolewa. Kwa hiyo kwanza unapima kwa mita, huamini macho. Kisha unaangalia upande wa hasi wa kapasita, ule wenye mstari, na kuuweka alama kwenye bodi, kwa kuwa kapasita ya aina hii ikirudishwa kinyume hupasuka.

Hatua inayofuata huwashangaza wengi: ili kuitoa lehemu ya zamani, unaanza kwa kuongeza mpya. Lehemu mpya huja na flaksi, ambayo asili yake ni utomvu wa msonobari. Flaksi huondoa kutu juu ya metali, na joto linapita kwa urahisi. Na kama mpya ni ile yenye risasi, ikichanganyika na ile ngumu ya kiwandani inaishusha kiwango chake cha kuyeyuka. Ikishakuwa maji, unayo njia mbili. Ipo pampu ya kunyonya, mfano wa bomba la sindano lenye springi, ambayo hufyatuliwa mara moja karibu na ncha ya pasi. Na upo utambi wa shaba, nyuzi zilizosukwa ambazo hunyonya lehemu kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta ya taa. Mtoto yeyote aliyewahi kusomea koroboi ataielewa fizikia ya utambi huo kabla mwalimu hajafungua kitabu.

Kapasita yenye miguu miwili hailazimishwi kutoka kwa mkupuo. Unapasha mguu mmoja na kuinamisha kichwa chake kidogo, unapasha wa pili na kuinamisha upande mwingine, hadi itoke kwa hiari. Mguu wa hasi mara nyingi umeungwa kwenye eneo pana la shaba linalokunywa joto lote. Huo unahitaji ncha pana ya pasi na subira, na kuongeza nguvu za mkono hakusaidii kitu. Vipande vyenye miguu mingi vina dawa zake. Mafundi simu hutumia mashine ya kupuliza hewa ya moto. Asiye nayo aweza kutumia lehemu ya bati na bismathi, inayoyeyuka kwenye nyuzi joto 138 na kubaki maji kwa muda wa kutosha kukinyanyua kipande kizima. Na kama kipande kimeshakufa, kikate miguu kwa koleo ndogo kisha utoe mguu mmoja mmoja. Kilichokufa hakidai heshima. Inayodai heshima ni bodi.

Neno moja juu ya usalama, kwa sababu nimesikia yakisemwa mambo ya kutisha na mengine ya kupuuza. Katika joto la pasi, risasi haigeuki kuwa mvuke wa kutia hofu. Moshi unaouona ni wa flaksi, nao huwasha mapafu na waweza kumletea pumu anayeuvuta kila siku, fungua dirisha. Risasi huingia kwa njia ya mikono: vidole, kisha ugali, kisha mdomo, na watoto wadogo ndio huumia zaidi. Ndiyo maana nilisema barazani, sikusema jikoni, na baada ya kazi mikono huoshwa kwa sabuni na meza hufutwa kwa kitambaa chenye maji.

Sasa, haya yanahusianaje na siasa za jamii? Mwaka 2022 dunia ilizalisha taka za kielektroniki tani milioni 62, na zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo zilikuwa asilimia 22.3 tu. Tanzania tunazo kanuni za mwaka 2021 za usimamizi wa taka hizo, na tangu Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka ridhaa ya nchi inayopokea kabla taka za kielektroniki za aina yoyote hazijavushwa mpaka. Ni hatua nzuri. Lakini zote zinaanzia kifaa kinapokuwa kimeshaitwa taka. Nani ana mamlaka ya kukiita hivyo? Simu bandia zilipozimwa Juni 2016 tulibishana sana juu ya uhalali wake, na kidogo mno juu ya vipande vizima vilivyokuwa ndani yake.

Mwenzangu mmoja chuoni hunikejeli: vifaa vimeshuka bei, kwa nini mtu apoteze nusu saa kwa kapasita? Bei imeshuka kwa nani? Kwa mama anayehesabu mauzo ya siku kwa sahani, king'amuzi kipya ni mtaji wa siku kadhaa. Na ile bei ya dukani haijumuishi safari ya cha zamani kwenda dampo la Pugu. Hoja inayonisumbua zaidi ni ya mafundi wenyewe: kila nyumba ikijifunza kubandua, wao watakula nini? Sina jibu kamili. Naona tu kwamba mteja anayejua thamani ya kazi safi huwa halipi kwa manung'uniko, na kwamba kazi ngumu za simu zitabaki mezani kwao kwa muda mrefu.

Mwalimu Nyerere aliandika juu ya elimu ya kujitegemea mwaka 1967, na mwaka 2024 tumeanza mkondo wa amali katika baadhi ya shule za sekondari. Hofu yangu ni kwamba tutaununulia mkondo huo vifaa vipya vya kuunganishia, tupige picha siku ya uzinduzi, kisha visanduku vifungiwe stoo visije vikaharibika. Nimekutana na wahitimu wa vyuo wanaokokotoa muda wa kapasita kujaa hadi desimali ya tatu lakini hawajawahi kuitoa hata moja. Kubandua hakuhitaji vifaa vipya. Kunahitaji vilivyokufa, na hivyo vimejaa chini ya vitanda vyetu.

Pendekezo langu kwa wakuu wa shule za Kinondoni ni la gharama ndogo. Wekeni sanduku getini, wazazi walete redio, chaja na ving'amuzi vilivyokufa. Betri za simu zisiingie humo, kwani zikitobolewa huwaka moto. Muhula wa kwanza mwanafunzi asiunganishe chochote. Abandue tu, apime kila kipande kwa mita, atenge kizima na kibovu. Mtihani wake usiwe wa kuandika: apewe bodi yenye vipande kumi, avitoe, kisha msimamizi ahesabu ni njia ngapi za shaba zimebaki salama. Na msimamizi huyo, kwa muhula huo angalau, awe fundi wa pale sokoni, alipwe posho ileile tunayolipwa sisi wenye shahada tunapokwenda kusimamia mitihani.