Aliyeshika kitabu awe wa kwanza kuarifiwa

Jumapili ya tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya Serikali kutangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule na vyuo vifungwe. Shule za kutwa zilitakiwa kufunga kesho yake, za bweni zikapewa hadi Jumatano, na vyuo vikuu hadi Ijumaa ya tarehe 20. Vyuo basi vilikuwa na siku tano. Katika siku hizo wanafunzi walifungasha virago, wahadhiri wakakusanya karatasi zao, na wakuu wa vyuo wakakesha vikaoni. Mengi yamekwisha kuandikwa kuhusu makundi hayo matatu. Kuhusu watu wa maktaba yameandikwa machache mno, na mimi ninayelalamika hapa nakiri kwamba sikuwakumbuka hadi siku nilipokihitaji kitabu.

Hoja yangu ni kwamba maktaba za vyuo vyetu hazikulemazwa na ugonjwa peke yake, wala na uhaba wa mitambo peke yake. Zililemazwa pia kwa sababu wale wanaovishika vitabu kwa mikono yao walikuwa wa mwisho kuarifiwa, na walipoarifiwa waliarifiwa kwa njia na kwa lugha isiyokuwa yao. Kasoro hiyo haikuondoka pamoja na barakoa.

Katika chuo kimoja ninachokifahamu, msaidizi wa maktaba ambaye amepanga vitabu rafuni kwa zaidi ya miaka ishirini alifika langoni Jumatatu ya tarehe 23 Machi, saa moja asubuhi, baada ya kupanda matatu mbili. Bawabu akamwambia kuwa jina lake halimo katika orodha. Orodha gani? Bawabu naye hakujua. Alikuwa amekabidhiwa karatasi tu. Mzee huyo alinipigia simu, kwa kuwa kwa miaka mingi nilikuwa nikimsumbua kila juma nikitafuta tasnifu za zamani, akaniuliza, "Mwalimu, nimeachishwa kazi?" Nilimjibu kwamba la, ingawa kwa hakika sikuwa na habari yoyote.

Waraka ulikuwapo. Ulikuwa umetumwa Alhamisi jioni kwa barua pepe kwa wafanyakazi wote bila ubaguzi. Mzee alikuwa na anwani ya barua pepe ya chuo, lakini hakuwahi kuifungua tangu apewe, maana kazi yake haikumpa kompyuta. Nilipoutafuta waraka huo niliukuta wa kurasa tatu, katika Kiingereza cha mawakili. Ukiufasiri, ulisema kwamba wafanyakazi "wasio wa lazima" wataendelea na likizo "hadi itakapotangazwa vinginevyo".

Kwa kuwa kazi yangu ni isimu, naomba nitue hapa kidogo. Mtu aliyetoa miaka ishirini ya umri wake kwa rafu za chuo akielezwa kwamba si wa lazima, atakuwa na makosa gani akidhani amefukuzwa? Na hiyo likizo ni ipi: ile ya mwaka inayokatwa siku zake, au likizo isiyo na malipo? Waraka haukusema. Tena tazama kitenzi "itakapotangazwa". Ni kauli ya kutendwa isiyotaja mtenda. Itatangazwa na nani? Wapi? Ubaoni, redioni, au katika anwani ile ile ya barua pepe isiyofunguliwa? Aliyeandika sentensi hiyo hakudanganya. Alijiepusha tu na kutaja mtu ambaye angewajibika kutoa habari. Sarufi yaweza kumficha mtu kama vile pazia linavyomficha, na nyaraka za ofisi zetu zimeizoea sarufi hiyo tangu enzi za mkoloni.

Wakati huohuo kazi ya maktaba haikukoma. Ilibadilika umbo tu. Wengi hawaelewi jambo hili, hasa wale wanaosema kwamba siku hizi kila kitu kimo mtandaoni. Maktaba zetu nyingi hulipia majarida ya kielektroniki kwa pamoja kupitia muungano wao uitwao KLISC, kwa kuwa bei za wachapishaji wa ng'ambo ni kubwa mno kwa chuo kimoja. Lakini kwa kawaida majarida hayo hufunguka mtu anapotumia mtandao wa chuo, ndani ya bewa. Mwanafunzi akiwa kwao Kitui au Busia anahitaji nywila na njia maalumu ya kupitia. Bewa lilipofungwa, maelfu ya wanafunzi walijikuta nje ya mlango ambao hawakujua kuwa upo. Aliyepaswa kuwafungulia ni mkutubi, na mkutubi huyo alikuwa nyumbani, akitumia simu yake mwenyewe na kununua data kwa fedha zake mwenyewe. Nawajua wakutubi waliojibu maswali ya nywila usiku wa manane, kwani data za usiku zilikuwa nafuu. Nasema haya kwa heshima, maana wengine tulikuwa tumelala.

Lakini mkutubi mwenye simu nzuri ni mmoja tu katika maktaba. Nyuma yake yuko anayepanga rafu, anayejalidi vitabu vilivyochanika, anayefagia ukumbi, anayekagua mikoba mlangoni. Tukumbuke pia vitabu visivyokuwa mtandaoni, ambavyo kwetu ndivyo vingi. Nchini Marekani, maktaba kubwa zilizokuwa zimenakili vitabu vyao kwa miaka mingi kupitia HathiTrust ziliweza kuanzia tarehe 31 Machi 2020 kuwafungulia wanafunzi wao kwa muda nakala za kielektroniki za vitabu vilivyofungiwa ndani. Sisi hatukuwa tumenakili kwa kiasi hicho. Tasnifu nyingi za Kiswahili za miaka ya sabini na themanini ziko katika nakala moja au mbili, zimepigwa kwa taipureta, na mara nyingi anayejua zilipo hasa ni mzee yule aliyerudishwa langoni. Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alipoteza karibu mwaka mzima akisubiri sura mbili za tasnifu ambazo mtu huyo angeweza kuzipiga picha kwa dakika arubaini, laiti kungekuwa na mtu wa kumwambia kwamba anaruhusiwa kuingia.

Sasa nije kwa suala la hatari yenyewe, maana hapa ndipo ukosefu wa habari ulipogeuka kuwa suala la uhai. Vyuo vilipoanza kufunguliwa kwa awamu, vitabu vilivyoazimwa mwezi Machi vilianza kurudi. Je, kitabu hubeba virusi? Kwa muda gani? Swali hilo halikuwa la kubahatisha. Huko Marekani, OCLC, taasisi ya serikali inayosimamia maktaba na makavazi, na maabara ya Battelle ziliungana katika mradi ulioitwa REALM, zikavipaka virusi hai juu ya majalada na karatasi na kuhesabu siku. Matokeo ya kwanza yalitoka Juni 2020: kwenye vitabu vilivyowekwa kimoja kimoja, virusi havikuonekana tena baada ya siku tatu. Habari hiyo ilienea upesi, na katika maktaba nyingi ulimwenguni siku tatu zikawa sheria.

Miezi michache baadaye mradi uleule ulijaribu vitabu vilivyorundikwa, kimoja juu ya kingine, kama vinavyorundikwa katika sanduku la kurudishia. Safari hii virusi vilionekana hata baada ya siku sita. Kisha Aprili 2021 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ikaeleza kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu kilichochafuliwa ni mdogo sana, kwa jumla chini ya mara moja katika elfu kumi. Yaani kitabu hakikuwa adui mkuu tena. Adui alikuwa hewa nzito ya ukumbi wa kusomea uliofungwa madirisha.

Angalia basi jinsi maarifa yalivyogeuka mara tatu kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Mtu aliyeambiwa mara moja tu, Juni 2020, alibaki na elimu iliyochacha. Nimeiona kwa macho yangu, mwaka wa 2022, ilani ya "siku tatu" ikiwa bado imebandikwa juu ya sanduku la vitabu katika maktaba fulani, ilhali madirisha ya ukumbi hayakufunguka kwa kuwa yalipigiliwa misumari zamani kuzuia wizi. Wafanyakazi waliendelea kunyunyizia vitabu dawa, jambo linaloharibu karatasi, na kuketi watu wanane katika chumba kisicho na upepo wakinywa chai. Hakuna aliyekuwa mjinga pale. Hakuna aliyewaambia.

Hata neno lenyewe lilileta taabu. Ilani zilisema vitabu vitawekwa "karantini". Kwa Mkenya wa mwaka wa 2020 karantini haikuwa neno la kitabibu. Lilikuwa neno la hofu. Wasafiri walifungiwa hotelini na katika mabweni ya vyuo na kudaiwa gharama, na waliokamatwa wakivunja kafyu walitishiwa kupelekwa huko huko. Mfanyakazi akisikia kwamba kitabu kiko karantini, huelewa kwamba kitabu ni kigonjwa na aliyekigusa ni mshukiwa. Baadhi yao walikataa kulikaribia sanduku, nao wakubwa wakawaita wakaidi. Laiti ilani ingesema kwamba vitabu vinapumzishwa kwa siku kadhaa kabla ya kurudi rafuni, pasingekuwa na ugomvi. Wenzangu huniambia kwamba hayo ni mambo madogo ya mwalimu wa lugha. Wao hawakuwako siku ile mfagiaji alipolia mbele ya sanduku la vitabu.

Pengine mtu atasema kwamba mwaka wa 2020 ulitushtua sote na kwamba haifai kumlaumu aliyeshtuliwa. Nakubali, kwa sehemu. Lakini tarehe 26 Machi 2021 kaunti tano, Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru, zilifungiwa tena, na masomo ya ana kwa ana yakasimamishwa, ya vyuo vikuu yakiwamo. Mwaka mzima ulikuwa umepita. Katika chuo kile nilichokitaja, waraka ulitoka tena kwa barua pepe, tena kwa Kiingereza, na mzee wetu akapata habari kwa mwanawe aliyeisoma katika simu. Mara ya kwanza ni bahati mbaya. Ya pili tuiite uzembe.

Lipi basi lifanywe? Si fedha nyingi zinazohitajika, na hili ndilo linaloniudhi zaidi. Kila maktaba iwe na orodha ya wafanyakazi wake wote, wa kudumu na vibarua, yenye nambari za simu zinazothibitishwa kila muhula, na kila mmoja ajue ni nani atakayempigia yeye na ni nani atakayempigia naye. Habari zitoke siku maalumu ya juma, hata kama hakuna jipya, kwani kimya ndicho kinachozaa uvumi. Ziwe na tarehe, na ile ya zamani ibanduliwe ukutani. Ziandikwe kwa Kiswahili pia. Katiba ya 2010 katika ibara ya 7 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza, na ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sioni kwa nini haki hiyo ikome kwenye lango la chuo cha umma. Anayefanyia kazi nyumbani alipiwe data na chuo. Na ijulikane mapema, kwa maandishi, ni watu wawili au watatu gani watakaoingia ndani wakati jengo limefungwa, ili tasnifu iliyoko rafuni imfikie mwanafunzi aliyeko kijijini. Mmoja wao awe ni yule anayezijua rafu, hata kama hana shahada.

Wapo watakaodai kwamba janga limekwisha na kwamba hizi ni kelele za baada ya ngoma. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura ya korona tarehe 5 Mei 2023. Agosti 2024, miezi kumi na mitano tu baadaye, shirika hilohilo likatangaza dharura nyingine kwa sababu ya mpox, na kufikia wakati huo Kenya ilikuwa imekwisha kuthibitisha mgonjwa wake wa kwanza. Nilikwenda katika maktaba moja siku chache baada ya tangazo hilo, nikamwuliza mpanga vitabu aliyekuwa zamu kama ameelezwa lolote. Alinitazama, akacheka kwa adabu, akaniuliza kama mimi nimeelezwa. Nilifungua simu nikamwonyesha waraka uliokuwa katika barua pepe yangu tangu juma lililotangulia. Aliusoma polepole, akiwa amesimama, huku toroli lake la vitabu likimngoja, kisha akaomba nimtumie kwa simu ili awaonyeshe wenzake wanne walioko chini.