Mtoto Akikataa Uji, Usikimbilie Kumwachisha Ziwa



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya palizi. Mwezi huu nitazungumza juu ya jambo nililolikuta nilipokwenda kuangalia palizi hiyo. Mimi ni Bwana Shamba, si daktari. Lakini mazao tunayolima ni ya kuliwa. Kama mtoto wa nyumbani hayali, ni lazima tuulizane sababu.

Siku hiyo nilikwenda kwenye shamba la mkulima mmoja. Nilipofika karibu na nyumba nilisikia mtoto akilia. Bibi yake alikuwa amempakata. Kwa mkono mmoja alimbana pua, na kwa mkono wa pili alimnywesha uji. Mtoto alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minne. Uji ulikuwa ukimtoka puani.

"Bwana Shamba, mjukuu wangu huyu ni mkaidi," bibi aliniambia. "Siku ya nne leo hataki uji, hataki ugali. Anataka ziwa tu. Kesho mama yake atapaka shubiri. Akionja uchungu atakula mwenyewe."

Mama wa mtoto alinyamaza. Majirani walikuwa wamekwisha sema kwamba amembemenda mtoto. Hata mumewe alianza kumtazama vibaya.

"Mama," nilimwambia yule bibi, "hindi likiwa la njano hatuling'oi. Kwanza tunatafuta sababu. Mpelekeni mtoto zahanati kabla ya kupaka shubiri."

Kesho yake walikwenda, mume na mke. Muuguzi alimfungua mtoto mdomo. Ndani mlikuwa na vidonda. Kila kijiko cha uji wa moto kilimchoma. Ziwa halikumwumiza sana, ndiyo maana aliling'ang'ania.

Fikiri, ndugu msomaji. Ziwa ndilo lililokuwa chakula pekee ambacho mtoto yule aliweza kumeza. Kama shubiri ingepakwa, angebaki na nini?

KWA NINI MTOTO HUKATAA CHAKULA?

Sababu ni nyingi. Pengine anaumwa. Homa, malaria, kuhara, kikohozi, vidonda vya mdomoni na kuota meno huondoa hamu ya kula. Upungufu wa damu pia huondoa hamu.

Pengine haumwi. Mtoto anayezaliwa na kilo 3 hufikia kilo 9 hivi anapotimiza mwaka mmoja. Katika mwaka wa pili huongeza kilo 2 au 3 tu. Kukua kwake kumepungua kasi, kwa hiyo siku nyingine hula kidogo. Hiyo ni kawaida.

Pengine sababu ni mpango wetu wa kazi. Wakati wa palizi mama huondoka alfajiri. Mtoto huachwa na dada yake mdogo. Hupewa uji mwepesi uliopoa, tena uleule kila siku. Mama akirudi mchana, mtoto hukimbilia ziwa. Anataka maziwa, na anamtaka mama yake pia. Huo si ukaidi.

Na maneno ya kubemenda je? Maneno hayo huvunja nyumba bure. Maziwa ya mama hayaharibiki kwa sababu amelala na mumewe. Hata mama akiwa mjamzito, maziwa yake si sumu. Aende kliniki apate ushauri.

UFANYE NINI?

Kwanza, usimwachishe ziwa ghafla. Mnyonyeshe mpaka atimize miaka 2 au zaidi. Akiwa mgonjwa, mnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Pili, usimlishe kwa nguvu. Usimbane pua. Uji unaweza kuingia kwenye mapafu na kumwua. Tena mtoto akilishwa kwa nguvu huanza kuogopa hata bakuli.

Tatu, kumbuka kwamba baada ya miezi 6 maziwa peke yake hayatoshi. Hayana madini ya chuma ya kutosha kuongeza damu. Kwa hiyo endelea kumpa chakula kila siku, kwa upole. Mtoto mzima aliyepita mwaka mmoja mpe chakula kwanza, akiwa na njaa kidogo, kisha mnyonyeshe. Mpe mara 3 au 4 kwa siku, na kitu kidogo kama ndizi mbivu au papai katikati. Akikataa, ondoa bakuli bila ugomvi. Jaribu tena baadaye. Chakula kipya huenda ukampa mara 10 ndipo akikubali.

Nne, mpikie uji mzito. Uji mwepesi hujaza tumbo maji. Tia karanga zilizosagwa, maziwa, au mafuta kidogo. Ponda maharage, yai, mchicha, au dagaa waliotwangwa. Muwekee bakuli lake, akae na wenzake, ashike chakula kwa mkono wake. Nawisheni mikono kwanza. Lakini usimpe karanga nzima, zinaweza kumkaba.

Hapa nasema kama Bwana Shamba: usimsagie mtoto mahindi au karanga zenye ukungu. Zina sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Anika mazao juu ya turubai, si juu ya udongo. Chambua punje mbovu uzitupe. Usimpe hata kuku.

UENDE LINI ZAHANATI?

Usingoje kama mtoto ana homa, anahara, ana vidonda mdomoni, amelegea, anatapika kila kitu, au amevimba miguu. Akikataa hata ziwa, nenda saa ileile. Kama anaonekana mzima lakini hali vizuri kwa siku kadhaa, mpeleke akapimwe uzito. Tazama mstari kwenye kadi yake ya kliniki. Mstari ukipanda, tulia. Ukilala au ukishuka, mwambie muuguzi. Uliza pia kama amepata matone ya vitamini A na dawa ya minyoo.

Na wewe baba, usiseme haya ni mambo ya wanawake. Yule mkulima na mkewe walipanga upya kazi yao. Sasa mama hutoka shambani saa 4 asubuhi kwenda kumlisha mtoto, na baba huendelea na mistari yake. Palizi ilichelewa siku 2 tu. Mahindi hayakufa.

Nilipita tena pale baada ya wiki 3. Mtoto alikuwa ameketi kwenye mkeka, maharage yamemjaa mashavuni. Alipomaliza akamfuata mama yake kunyonya. Bibi yake alicheka. "Bwana Shamba," alisema, "shubiri yangu nimeitupa."

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Katika kijiji chako, mtoto akikataa chakula watu husema nini?
2. Wakati wa palizi, nani hulisha watoto wadogo nyumbani kwako?
3. Ni mazao gani ya shamba lako unaweza kutia kwenye uji wa mtoto?