Kocha wa Riga na Adabu ya Nasiha



Ndugu zangu na dada zangu wasomaji, kila likizo ya shule inapofika, wazazi huniuliza suali lile lile: je, mpira wa miguu utawapotezea watoto wetu wakati? Jawabu langu halijabadilika. Kijana anayehifadhi sala zake, akaheshimu wazazi wake na akatimiza masomo yake, mchezo ni afya kwake. Lakini leo nataka tuugeuze mjadala. Badala ya kuwatazama vijana, natutazame sisi tunaowalea, na tujifunze katika maisha ya mlezi mmoja wa wachezaji, mtu wa mbali nasi kwa nchi na kwa dini. Hekima huchukuliwa popote ipatikanapo.

Mtu huyu ni Aleksandrs Starkovs, aliyezaliwa mwaka 1955 katika mji wa Madona, nchini Latvia. Nchi hiyo ndogo iko ukingoni mwa Bahari ya Baltiki, na mji wake mkuu, Riga, ni mji wa bandari kama ilivyo Mombasa yetu. Wakati wa ujana wake Latvia ilikuwa chini ya Muungano wa Kisovieti, naye alikuwa mshambuliaji wa timu ya Daugava ya Riga. Nchi ilipojikomboa mwaka 1991, yeye alikuwa amekwisha kuziacha njumu na kuingia katika kazi ya ukufunzi. Akaifundisha Skonto ya Riga, timu iliyotwaa ubingwa wa Latvia miaka 14 mfululizo, tangu 1991 hadi 2004.

Mwaka 2001 timu ya taifa ya Latvia ilitoka sare ya 1-1 nyumbani na San Marino, nchi ambayo takriban kila mtu huifunga. Ilikuwa fedheha. Kocha aliyekuwapo, Mwingereza, akaondoka, na Starkovs akakabidhiwa timu hiyo iliyovunjika moyo. Hakupewa wachezaji wapya, maana nchi iliyokuwa wakati huo na watu milioni mbili na ushei haikuwa na pa kuwatoa. Aliwachukua wale wale, wengi wao akiwajua tangu Skonto, akawapanga na kuwasubiri.

Matunda yalionekana mwaka 2003. Latvia iliifunga Uswidi 1-0 mjini Stockholm, ikapata nafasi ya mchujo dhidi ya Uturuki, taifa lililokuwa limeshika nafasi ya tatu katika Kombe la Dunia mwaka mmoja tu kabla yake. Mjini Riga, Latvia ikashinda 1-0. Mjini Istanbul, Waturuki wakatangulia kwa mabao 2-0, na kila mtazamaji akadhani mambo yamekwisha. Vijana wa Latvia hawakutaharuki. Juris Laizāns akarejesha bao moja, Māris Verpakovskis akaongeza la pili, na mechi ikamalizika 2-2. Kwa jumla ya mabao 3-2, Latvia ikafuzu kwa Kombe la Mataifa ya Ulaya la mwaka 2004 nchini Ureno. Huko ilitoka sare ya bila kufungana na Ujerumani, ingawa ilifungwa na Jamhuri ya Cheki na Uholanzi, ikarudi nyumbani na heshima yake.

Kwa kazi hiyo Starkovs akaitwa Urusi kuifundisha Spartak ya Moscow, na mwaka 2005 akaifikisha nafasi ya pili katika ligi. Hapa ndipo penye funzo ninalolikusudia. Mwezi wa Aprili mwaka 2006, nahodha wa timu hiyo, Dmitri Alenichev, mchezaji mwenye jina kubwa aliyepata kutwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, alimkosoa kocha wake hadharani katika mahojiano na gazeti. Klabu ikamweka kando mchezaji, naye hakuichezea tena. Mashabiki wakamgeukia kocha, na baada ya wiki chache Starkovs akajiuzulu. Sisi hatukuwepo, wala si kazi yetu kuhukumu nani kati yao alikuwa na haki. Tunachokiona ni kwamba neno lililopaswa kusemwa chumbani lilisemwa sokoni, na wote wawili wakapoteza.

Wasomaji wangu, jambo hili halipo Moscow pekee. Limo majumbani mwetu. Baba humkaripia mwanawe mbele ya wageni ili waone kuwa yeye ni mkali. Mama huyataja makosa ya binti yake katika kundi la familia kwenye simu, shangazi na binamu wakasoma, kisha akashangaa kwa nini mtoto hasemi naye tena. Mume na mke hutoleana siri mbele ya watoto. Na vijana nao, wakiudhika na mwalimu wa chuo, humwandika mtandaoni kabla ya kumwendea. Kila mmoja hudai kuwa anatoa nasiha. Nasiha ikitolewa mbele za watu huwa ni kuaibishana, na aliyeaibishwa hatafuti kujirekebisha. Hutafuta pa kujificha au namna ya kulipiza.

Tukumbuke kwamba Nabii Musa na Nabii Harun, amani iwe juu yao, walipotumwa kwa Firauni waliamrishwa waseme naye kwa upole. Ikiwa Firauni alistahili neno laini, mtoto uliyemzaa anastahili nini? Kabla ya kusema, mwite faragha. Taja kosa lenyewe, usimtaje yeye kuwa ni kosa. Kisha mpe muda, kwani haba na haba hujaza kibaba.

Starkovs naye hakukatiwa njia. Alirudi nyumbani, akaifundisha tena timu ya taifa tangu 2007 hadi 2013. Aliyempokea kazi hiyo alikuwa Marians Pahars, mmoja wa wachezaji wake wa kikosi cha Ureno. Pahars alipoondoka mwaka 2017, mwalimu wake wa zamani ndiye aliyeitwa kuishika timu. Mlezi mwema hupata faida hiyo: aliowalea huja kusimama mahali pake, na mlango hubaki wazi baina yao.

Basi wiki hii, mzazi mwenzangu, ikiwa una neno zito kwa mwanao, lisubirishe hadi mbaki wawili. Mwenyezi Mungu atupe ndimi za upole na atuhifadhie watoto wetu. Amin.