Bilioni Yetu Ina Sifuri Ngapi?

"Hesabu haina lugha." Kauli hii nimeisikia mara nyingi hapa Bujumbura, na kila mara hutolewa ili kutunyamazisha sisi tunaosoma Kiswahili: ninyi shughulikieni mashairi na methali, nambari waachieni wenye Kifaransa. Mimi naikataa.

Nikiwa mwaka wa kwanza nilitafsiri kwa Kifaransa habari ya gazeti la Tanzania iliyotaja shilingi trilioni moja. Niliandika "un trillion" bila wasiwasi wowote. Nilikuwa nimeikuza fedha ile mara milioni moja.

Sababu ni hii. Katika Kiswahili, bilioni ni 1 ikifuatwa na sifuri 9, na trilioni sifuri 12. Katika Kifaransa, sifuri 9 ni "milliard", sifuri 12 ni "billion", na "trillion" ina sifuri 18. Ipe milioni nafasi ya 1, bilioni ya 2, trilioni ya 3. Kwetu, zidisha nafasi kwa 3, kisha ongeza 3, utapata idadi ya sifuri. Kwa Wafaransa, zidisha nafasi kwa 6. Katika nafasi ya 1 njia zote mbili zinaleta 6. Ndiyo maana milioni haijawahi kutuumiza, nasi tukadhani ndugu zake nao ni salama.

Watanijibu kwamba nambari yenyewe haibadiliki. Kweli. 1,000,000,000 hupatikana kwa kuzidisha 2 tisa na 5 tisa, na kwa hiyo ina vigawo 100 kamili, awe anayevihesabu ni Mrundi au Mfaransa. Lakini sifa hizo ni za nambari. Jina ni la watu, na bajeti, mikopo na mikataba husomwa kwa majina. Waingereza walilijua hilo: mwaka 1974 serikali yao iliacha bilioni ya sifuri 12 ikashika ya sifuri 9. Kama jina halina uzito, kwa nini serikali nzima ijisumbue?

Wengine wanasema tuandike "miliari" tu, yaishe. Hayataisha. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na huko Dodoma na Nairobi wanaandika bilioni. Je, tunataka Kiswahili chetu kihitaji mkalimani kikivuka mpaka?

Wenzangu, tuandike bilioni, na inapotajwa mara ya kwanza tuiandike pia kwa tarakimu. Nanyi walimu wetu, tunawaomba mtutie nambari katika mazoezi ya tafsiri. Methali nikiikosea, msomaji atacheka. Sifuri tatu nikizikosea, kuna mtu atalipa.