Nyumba Njema Si Mlango

Mji wa Zanzibar umejaa. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionesha kwamba Unguja na Pemba zina watu 1,889,773, na kati yao 893,169, yaani karibu nusu, wamo katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Si ajabu basi kuona aila nyingi zikifunga virago na kutafuta makazi mapya Fumba, Bububu, Tunguu na kwingineko nje ya mji. Swali tunalolijadili leo ni hili: mzazi achague mji wa kuhamia kwa kipimo gani?

Wengi hupima kwa bei ya kiwanja na sura ya nyumba. Lakini wahenga walituasa kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Ushahidi tuutafute mbali kidogo, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Mwezi wa Januari 2016 ilifunguliwa kambi ya Mtendeli, mahali palipokuwa zamani katika Wilaya ya Kibondo na sasa pamo katika Wilaya ya Kakonko. Shabaha ilikuwa kuipunguzia mzigo kambi ya Nyarugusu, Wilaya ya Kasulu, iliyofurika wakimbizi wa Burundi baada ya machafuko ya mwaka 2015. Ardhi ilikuwapo na nafasi ilipimwa. Kilichopungua ni maji, na upungufu huo ukaweka mpaka wa idadi ya watu ambao kambi ingeweza kuwapokea. Baadaye wakimbizi wengi walirejea kwao, na mwezi wa Desemba 2021 Mtendeli ilifungwa, waliosalia wakahamishiwa Nduta.

Mkoa huo ulikwisha kupata somo kama hilo kabla. Mwaka 1972 wakulima wa Kigoma walihamishiwa katika vijiji vilivyopangwa kando ya barabara, ili shule, zahanati na magari viwafikie. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, pale ambapo mkulima hakuulizwa, alijikuta mara nyingine yu mbali na shamba lake na mbali na maji aliyoyazoea.

Mkimbizi na mkulima yule hawakuwa na hiari. Aila inayotoka mjini leo inayo, na kwa hiyo haina budi kuitumia kwa akili.

Kwanza, iulize maji, tena iulize wakati wa kaskazi, si wakati wa masika. Unguja hunywa maji yaliyo chini ya ardhi. Kila nyumba inayojengwa juu ya kianzio cha maji humpokonya jirani kile anachokitafuta mwenye nyumba.

Pili, iulize haki ya ardhi. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 wananchi waligawiwa eka tatu tatu ili walime. Leo nyingi zimekatwa vipande na kuuzwa viwanja. Kisheria ardhi ni mali ya Serikali na mwananchi hupewa haki ya kuitumia. Anayenunua kwa karatasi ya mashahidi wawili tu aweza kumiliki ukuta bila ya kumiliki haki.

Tatu, iulize skuli na kituo cha afya vilivyo karibu na mtoto. Nne, ifanye hesabu ya nauli. Kodi iliyookolewa mjini ikiliwa na daladala, na baba na mama wakiondoka alfajiri na kurudi watoto wamekwisha lala, aila hiyo imehamisha vyombo tu; maisha yake yamebaki mjini.

Kwa watendaji wa Serikali tuna neno moja. Mwananchi hawezi kuchagua vyema ikiwa hakupangiwa kitu cha kuchagua. Bomba, njia na eneo la skuli vitangulie, viwanja vifuate. Kazi na ofisi nazo zisogezwe huko, maana mji usio na kazi ni bweni. Kubomoa nyumba ya mtu aliyekwisha kutumia akiba yake yote ni kumwadhibu kwa kosa ambalo mpimaji angelizuia kwa kufika mapema.

Maji hayahami kumfuata mtu. Mtu ndiye aendaye yalipo maji, na mwenye kupanga miji yetu analazimika kufika hapo kabla yake.