Baiskeli ilirudi, babu akabaki

Washikaji wa kijiweni kwetu waliniuliza wikiendi nitakuwa wapi. Nikawajibu kwa kujisikia: "Naenda Ulaya. Kwa baiskeli." Walicheka mpaka muuza kahawa akamwaga kikombe cha mteja. Wakasema joto la Dar limeshanipanda kichwani.

Jamani, sikudanganya sana. Ulaya ipo wilayani Kilosa, mkoa wa Morogoro, njia ya kwendea Mikumi, na hakuna anayekuuliza viza. Ila ukweli ni kwamba sikuwa naelekea Ulaya. Nilikuwa naelekea Kilangali, kata nyingine ya huko huko, ndani ya jimbo la Mikumi. Ndilo lile ambalo Profesa Jay alikuwa mbunge wake kuanzia 2015 mpaka 2020, kwa hiyo msijifanye hamlijui.

Kilichonipeleka si matanuzi. Baba yangu yuko Kasulu, mzee wa miaka sabini na kitu. Kila nikimpigia simu, tukishamaliza salamu na habari za mahindi, huniuliza swali moja: "Kilosa umeshafika?" Mimi nazuga, nasema kazi nyingi, nitafika tu baba.

Baba yake, yaani babu yangu, aliondoka Kasulu 1952 kwenda kuwa manamba. Kwa nyie mliozaliwa juzi, manamba ni wale vibarua wa mkataba waliochukuliwa kutoka mikoa ya mbali kwenda kukata mkonge kwenye mashamba ya wazungu, na jina lenyewe limetokana na namba aliyopewa kila mtu. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwakusanya, ikiitwa SILABU. Waha walipakiwa treni kule Kigoma, wengine wakashushwa Kilosa na Kimamba, wengine wakapelekwa mpaka Tanga.

Babu aliaga kwamba atarudi na baiskeli. Mwaka 1957 baiskeli ikafika stesheni ya Kigoma. Humber nyeusi, imezungushiwa kamba ya mkonge, kwenye karia kifurushi cha nguo, na kikaratasi chenye jina la babu na neno moja: Kimamba. Mwenyewe hakufika. Baba alikuwa na miaka saba. Alijifunza kuendesha kwenye hiyo hiyo, mguu mmoja ameupitisha chini ya bomba kwa sababu siti ilikuwa juu kuliko yeye.

Sasa mwaka huu ndugu yetu mmoja anayeuza nafaka Kimamba akanipigia. Akasema kuna mzee wa Kiha, aliwahi kuwa manamba, mkonge ulipokufa hakurudi kwao, akaoa Msagara na kuhamia Kilangali kulima. Nikaishiwa visingizio.

Nilipanda basi la kupitia Dumila. Kabla ya Rudewa unapita Msowero, na abiria wote walikuwa wamelala, mdomo wazi. Mimi nikachungulia dirishani kama mtalii. Msowero! Pale ndipo kwa yule Mangungu wa kwenye kitabu cha historia, aliyewekeana mkataba na Karl Peters tarehe 29 Novemba 1884. Peters alikuwa kijana wa miaka 28 tu, anazunguka Usagara na makaratasi yake ya Kijerumani, na Februari mwaka uliofuata Kaiza akatoa hati ya kuitambua biashara yote hiyo. Darasani tulimcheka Mangungu kwamba aliuza nchi. Tulimcheka kwa karatasi ambayo hakuweza kuisoma. Na sisi tunaobonyeza "nakubali" kwenye simu bila kusoma, nani atatucheka?

Nililala Kilosa mjini. Asubuhi nikakodi Phoenix kwa fundi mmoja karibu na soko, shilingi elfu tano mpaka magharibi. Fundi akanitazama viatu, akatazama tumbo langu, akasema: "Kaka, nikupe na pampu." Pampu, viraka viwili na gundi. Nikamwambia sihitaji. Akavifunga kwenye karia bila kujibu.

Ebwana, mara ya mwisho kuendesha baiskeli mwendo wa maana nilikuwa darasa la saba. Nusu saa ya kwanza nilikuwa nayumba kama aliyetoka kilabuni. Watoto walinikimbilia wakipiga kelele, bibi mmoja akanipa pole kabla sijasema shikamoo. Halafu mwili ukakubali. Ukishavuka kelele za mji na bodaboda zikapungua, unabaki na sauti ya cheni na ya matairi kwenye vumbi. Nyuma yako kuna milima ya Rubeho, imekaa bluu bluu. Mbele mashamba ya mpunga yaliyokwishavunwa, ng'ombe wa Wamasai, mivumo imesimama mmoja mmoja. Hii mivumo ndiyo watu wa huku wanaiita mikumi, na ndiyo iliyoipa jina ile mbuga iliyotangazwa 1964. Kwenye basi vitu hivi vinakupita. Kwenye baiskeli wewe ndiye unavipita, tena polepole, na mtu aliye shambani anapata nafasi ya kukusalimia, kukuuliza unatoka wapi, kukujibu na kukutakia safari njema kabla hujatokomea.

Na njia hizi zimepitwa kweli kweli. Misafara ya pembe na watumwa kutoka bara kwenda Bagamoyo ilikata bonde la Mkondoa. Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone, alivuka nyika ya Mkata masika ya 1871, akatopea matopeni na tumbo likamwendesha. Agosti 1916 majeshi ya Mwingereza yakaingia Kilosa yakimfukuza Mjerumani. Desemba 2009 Mkondoa wenyewe ukavunja tuta, ukaingia mjini na kung'oa reli. Wote hao wana ukurasa wao mahali fulani. Manamba hawana hata kibao cha bati, na hapa mkonge ulikuwa mali: miaka ya katikati ya sitini nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ya kwanza duniani. Halafu zikaja kamba za nailoni.

Nikiwa katikati ya mawazo hayo mazito, tairi la nyuma likasema "fyuu". Mwiba. Hakuna mtu, hakuna kivuli cha maana, na pembeni mwa njia kinyesi cha tembo ambacho sikutaka kujua ni cha lini. Nikakumbuka viraka vya fundi. Nikatoa mpira, nikausugua, nikapaka gundi, nikasubiri ikauke huku nikigeuka kila kijani kikitikisika. Jamaa mmoja mwenye magunia mawili ya mkaa kwenye baiskeli yake akanikuta nabandika. Hakucheka. Alisimamisha mzigo wake wote ule kwa gongo, akaninyooshea kiraka ambacho nilikuwa nimekiweka upande, akapampu mwenyewe, akasema "haya bosi", akaondoka. Nilijaribu kumfuata. Na magunia yake mawili, aliniacha.

Kilangali nilifika jua la saa sita. Mzee nilimkuta chini ya mwembe, anapukuchua mahindi. Shikamoo yangu aliipokea, akaitazama Phoenix kabla ya kunitazama mimi.

Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa: babu hakumjua. Yeye aliingia mkonge 1958, mwaka mmoja baadaye. Nilihisi miguu yote inaniuma kwa mpigo.

"Lakini hiyo baiskeli," akasema, "niambie ilifungwaje."

Nikamwambia: kamba ya mkonge, kifurushi kwenye karia, kikaratasi.

Akacheka kidogo. "Basi alikuwa na wenzake." Akanieleza. Waha walikaa laini moja, nyumba zao za kambi. Mtu akifa mbali na kwao, watu wa laini walichangishana sanda, wakamzika siku ile ile, kesho yake kila mmoja akarudi kukata, maana kipande hakisubiri msiba. Kipande ni ile kadi ya kuhesabia siku za kazi. Usipotimiza siku, hupati fedha. Lakini kitu cha marehemu hakikuguswa. Kama alikuwa na baiskeli, karani aliandika jina, kamba ikasokotwa kwa singa zilizotoka korona, baiskeli ikapelekwa stesheni. (Korona ni mashine ya kuchakata mkonge, msikimbilie barakoa.) Nauli ya mzigo waliilipa wao.

"Nauli ya baiskeli mpaka Kigoma haikuwa ndogo," akasema. "Mtu asiye na wenzake, baiskeli yake ilibaki huku huku."

Nikauliza kaburi. Akasema makaburi ya laini aliyoikuta yeye yako upande wa Kimamba, pamekuwa shamba la mahindi, ila kuna kipande kidogo watu wa pale hawakilimi. Hakijaandikwa majina. Hawezi kusema babu yupo au hayupo. Anaweza kutuonyesha, kama tutamtafutia usafiri, maana magoti yake yamestaafu.

Mkewe akatuletea wali na mlenda. Nilikula kama manamba.

Kabla ya kugeuza nilimpigia baba. Mtandao ulikuwa unakatika, ikabidi nisimame kwenye kichuguu. Nikamweleza kuhusu wenzake wa babu, sanda, kamba, nauli. Kule Kasulu kukawa kimya kirefu, nikadhani salio limekwisha.

"Umekwenda huko kwa nini?" hatimaye akauliza.

"Kwa baiskeli, baba."

"Humber?"

"Phoenix. Ya kukodi."

"Phoenix nzito," akasema. Akakohoa. "Nitakuja. Kwa treni. Nataka nikione hicho kipande."

Nikamwambia sawa baba, nitakodi gari Kilosa, tumpitie mzee wa watu, twende wote Kimamba.

"Gari mpeni huyo mzee. Sisi tafuta baiskeli."

"Baba, kwa umri wako? Basi nitaendesha mimi, wewe ukae nyuma."

"Nani akae nyuma?" Sauti ikapanda mpaka mzee chini ya mwembe akainua kichwa. "Wewe ndiye utakaa kwenye karia."