Mcheza Kwao Hutunzwa: Dhidi ya Mamluki wa Siku za Mwisho

Kila mwaka, mvua za masika zinapokatika na kiangazi kuingia, vikundi vya ngoma vya shule na vya vijana huanza kupimana nguvu. Ndipo pia unapozuka ugonjwa ambao sisi tufundishao Kiswahili huku Rusizi, ambako wazee wangali wakikuita Cyangugu, tumechoka kuunyamazia. Wanafunzi hujifunza ngoma kwa miezi mingi, polepole na kwa furaha. Zikibaki wiki tatu au nne kabla ya shindano, wakubwa hushikwa na hofu, na hofu hiyo huleta dawa tatu: kuongeza kishindo, kuongeza madoido, na hatimaye kuwaondoa wanafunzi waliojifunza na kuweka mahali pao wapigaji wa kukodi, yaani mamluki. Twasema wazi kwamba dawa zote tatu ni sumu, na ya tatu ni dhuluma.

Pengine msomaji atauliza: ngoma yahusu nini taarifa ya walimu wa Kiswahili? Yahusu sana. Neno lenyewe ni ndugu wa pande zote mbili. Mswahili asemapo ngoma, huenda anataja chombo, uchezaji, au shughuli nzima. Mnyarwanda asemapo ingoma, anataja chombo, na pia utawala. Hata ufalme wa kale ulikuwa na ngoma yake kuu, Kalinga. Tena, mtoto wa Kamembe au wa Bugarama hukulia baina ya lugha: Kinyarwanda cha nyumbani, Kiswahili cha sokoni, na sauti za Bukavu zikivuka mto. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda, lakini lugha haikomai kwa tangazo. Hukomaa kwa kutumiwa kazini, na uwanja wa mazoezi ya ngoma ni kazi. Humo mtoto huamrisha, huuliza, husahihisha na kusahihishwa. Anayemwondoa uwanjani amemwondoa pia darasani.

Basi tuanze na kishindo. Waliokaa karibu na ngoma za Rwanda wanajua kwamba haziko sawa. Ishakwe, iliyo ndogo na yenye sauti ya juu, ndiyo ishikayo mwendo. Inyahura huja katikati, na igihumurizo hunguruma chini. Kwa jirani zetu wa Burundi, ambao ngoma yao ya kifalme iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, mpangilio ni mwingine lakini akili ni ile ile: amashakwe hushika mapigo yasiyokatika, na ibishikizo huifuata inkiranya iliyo katikati. Katika mipango yote miwili kuna mtu ambaye kazi yake ni kutokubadilika ili wengine waweze kubadilika. Sasa mwambie kila mtoto, "Piga kwa nguvu zaidi, shindano limekaribia!" Wa kwanza kupotea ni ishakwe, kwani sauti ndogo humezwa na kubwa. Ishakwe ikimezwa, hakuna anayejua mwendo uko wapi, na kila mmoja hukimbilia anakojua. Watazamaji husikia makelele, nao waamuzi husikia kundi lililosambaratika. Wahenga walikwisha sema: ngoma ikivuma sana hupasuka.

Dawa ya pili ni madoido. Ati kundi likivishwa sare mpya, likaongezewa mruko mmoja na mapigo mawili yaliyosikika mahali juzi, litashinda. Pwani yetu ya Afrika Mashariki ina somo la kale juu ya jambo hili. Katika zama za beni, hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vikundi kama Marini na Arinoti vilishindana kwa gwaride, vyeo, mavazi na ngoma. Ushindani ule ulizaa ubunifu mwingi, nasi hatuudharau. Lakini ulizaa pia gharama za karamu na mavazi, hata ikawa mara nyingine anayeshinda ni mwenye mfuko, si mwenye mkono. Shule ya Bugarama haina mfuko wa kushindana namna hiyo. Kwa nini basi iige hasara ya waliokuwa nao?

Tena madoido ya siku za mwisho huharibu kwa sababu iliyo wazi. Jambo jipya huvuta akili yote ya mpigaji. Akili ikienda kwenye jipya, la zamani lililoanza kukaa mkononi hulegea. Kundi linaloongeza kitu wiki ya mwisho lina mambo mawili mabovu mahali lilipokuwa na moja zuri.

Tutazame wenye uzoefu mrefu wa jambo hili. Huko Marekani, vikosi vya ngoma na tarumbeta vya vijana vimekuwa na shirika lao la mashindano, Drum Corps International, tangu mwaka 1972. Msimu wao huanza mwishoni mwa Juni na hufikia kilele mwezi wa Agosti. Katika wiki hizo vikosi huzunguka kwa mabasi, hushindana mji baada ya mji, na kila kikosi hucheza onyesho lile lile msimu mzima. Mwishoni mwa msimu kazi yao kubwa wanaiita kusafisha. Kipande kifupi hukatwa, hupigwa polepole, hurudiwa mpaka mikono yote ishuke kwa pamoja, kisha hurudishwa mahali pake. Mapigo yanayoonekana kuwashinda wengi hurahisishwa. Mwisho wa onyesho huenda ukatengenezwa upya, lakini hutengenezwa kwa kuwa waamuzi wa miji kadhaa wameonyesha kasoro ile ile, si kwa kuwa kiongozi ameota ndoto. Zaidi ya hayo, sheria zao huweka kikomo cha umri wa vijana wanaocheza, hivyo kikosi hakiwezi kujaza safu zake wapigaji wazoefu wa rika la wazazi.

Hatutaji Marekani kwa kuiabudu. Kenya, jirani yetu, ina tamasha la muziki la shule na vyuo ambalo historia yake yaanzia mwaka 1927, nalo lafundisha jambo lile lile. Kundi hupanda ngazi, kutoka eneo dogo hadi taifa zima, na katika kila ngazi waamuzi hutoa maoni. Kundi lenye busara huyachukua maoni yale kama mgonjwa achukuavyo cheti cha daktari: hutibu lililoandikwa, haliendi kutafuta ugonjwa mwingine.

Hapa yatupasa kusema neno juu ya waamuzi wenyewe. Hadi mwaka 1983, vikosi vile vya Marekani vilihukumiwa kwa kuhesabu makosa: kila kosa lililosikika lilipunguza sehemu ya alama. Kuanzia mwaka 1984 njia hiyo iliachwa, na mwamuzi akatakiwa kujenga alama kwa kupima kilichofanyika na jinsi kilivyofanyika. Mwalimu wa lugha ataitambua mara moja hadithi hii, maana ni hadithi ya kalamu nyekundu. Mwanafunzi ahesabiwaye makosa tu hujifunza kuandika sentensi fupi zisizo na hatari wala uhai. Mpiga ngoma ahesabiwaye makosa tu hupiga kwa woga, na woga husikika. Hatusemi makosa yaachwe. Twasema kosa litibiwe mazoezini, ili uwanjani mtoto awe na kitu cha kusema badala ya kitu cha kukwepa.

Sasa tufike kwenye dhuluma. Wapo wasemao: "Shule inahitaji jina. Mtoto huyu mkono wake mzito. Mlete fulani aliyemaliza zamani, au yule apigaye ngoma harusini; sare itaficha mengine." Tena hujitetea kwa kusema kwamba hata mashindano ya asili hushindwa na kushindwa kwa mbinu za siku ya mwisho. Hutaja Wasukuma wa Tanzania, ambao Wagika na Wagalu wao hukutana baada ya mavuno, makundi mawili yakicheza bega kwa bega, na anayevuta umati mkubwa zaidi ndiye mshindi. Huko, wasema, kila kundi huficha jambo la kumshtua hasimu.

Mfano huo ni mzuri, ila umesomwa nusu. Mgika ni Mgika na Mgalu ni Mgalu. Umati unaohama upande mmoja kwenda mwingine unajua ni nani anacheza na kwa ajili ya nani. Jambo la kushtua limezaliwa ndani ya kundi, likafanyiwa mazoezi na wenye kundi. Kundi linaposhinda, limeshinda lenyewe. Mamluki hana sifa hiyo. Akishinda, shule hupata kikombe, naye hupata ujira. Lakini mtoto aliyefanya mazoezi tangu mvua za kwanza husimama kando ya uwanja amebeba viatu vya wengine. Mtoto huyo amefundishwa nini? Amefundishwa kwamba jitihada ni ya wajinga. Hakuna kikombe kinacholipa hasara hiyo. Methali yetu yasema mcheza kwao hutunzwa. Haikusema mgeni wa kukodi hutunzwa.

Na asitokee mtu wa kutuambia kwamba asiyezaliwa na mkono wa ngoma hawezi kuupata. Mwaka 2004, huko Butare, ambako leo ni Huye, Odile Gakire Katese alianzisha kundi la wanawake wapiga ngoma, Ingoma Nshya. Katika desturi ya Rwanda ngoma ilikuwa kazi ya wanaume, kwa hiyo wanawake hao hawakuwa na wa kuwarithi. Walianza mwanzo kabisa, na ngoma zao zimesikika hata ng'ambo. Ikiwa hao waliweza, mtoto wa Kamembe mwenye miezi sita ya mazoezi anahitaji mwalimu mvumilivu tu.

Basi lifanyike nini siku zinapokaribia? Kwanza, orodha ya wapigaji ifungwe mwezi mmoja kabla, na wenye kuandaa mashindano wadai orodha hiyo ilingane na daftari la mahudhurio ya shule. Pili, wiki mbili za mwisho pasiongezwe pigo lolote, kupunguza kuruhusiwe. Tatu, kila siku ichaguliwe kasoro moja tu, nayo ipigwe polepole, kisha kwa mwendo wake. Nne, mazoezi yafanywe saa ile ile shindano litakapofanyika, juani, kwa sababu ngozi iliyolegea kwa unyevu wa asubuhi hukaza kwa jua la mchana, na sauti hubadilika. Tano, kuingia na kutoka uwanjani kufanyiwe mazoezi kama ngoma yenyewe. Sita, maoni ya waamuzi yasomwe mbele ya kundi zima, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na wapigaji wenyewe waseme wameelewa nini. Hayo yote hayahitaji fedha.

Walimu wenzetu, tusidhani ugonjwa huu uko uwanjani tu. Mitihani ikikaribia, wangapi kati ya walimu wa lugha huwapa wanafunzi insha zilizoandikwa na wengine ili wazikariri? Insha ya kukariri ni mamluki wa karatasini. Hupigana vita visivyo vyake, na mtihani ukiisha huondoka na ujira wake, ikimwacha mwanafunzi hana hata sentensi moja anayoweza kuiita yake. Tulio tayari kumlaani mamluki wa ngoma hatuna budi kumfukuza pia huyu wa darasani.

Kiangazi kijacho tunataka kuwaona uwanjani watoto wale wale tuliowaona mazoezini wakati wa mvua. Wakipiga vizuri, tuwatunze. Wakikosea, makosa yatakuwa yao, nao watajua pa kuanzia mwaka ufuatao.